Dondoo muhimu: Sinema za zamani za upelelezi, jioni ya Khwisero

Anza na Detour (1945) ya Edgar G. Ulmer. Ni ya dakika 68 hivi. Itaisha kabla betri ya simu haijalalamika. Pesa zilikuwa haba, na utamu uko hapohapo: mtaa wa New York umefunikwa ukungu ili usione kwamba hakuna mtaa. Tazama na magari. Kuna sehemu ambako picha iligeuzwa, dereva akawa kulia na gari likapita kushoto mwa barabara. Mmarekani hushtuka. Sisi wa matatu za Luanda hata kope hatupepesi.

Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, hutasikia neno. Subiri ikatike, au unganisha simu na spika. Zima taa pia, maana vivuli ndivyo nusu ya hadithi.

Mzee asiyefuata Kiingereza cha haraka asiachwe nje. Mmoja wenu asimulie kwa mtindo wa DJ Afro, mradi asimtaje muuaji mapema. The Hitch-Hiker (1953) ya Ida Lupino haina shida hiyo: muuaji anajulikana tangu mwanzo, kinachokaba roho ni safari.

Aliyezoea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, katika vitabu vya Muhammed Said Abdulla, ataanza kushuku watu mapema mno. Mwacheni.

Umeme ukipotea dakika za mwisho, kila mtu ataje mshukiwa wake. Atakayekosea ataosha sufuria ya njugu.