Sukari Tano, Ndipo Uwashe Gari

Uwanda wa Kyela ni mahali pazuri pa kujifunzia gari. Milima imebaki nyuma huko Rungwe, na atakayekutoa jasho ni mwendesha baiskeli aliyefunga mkungu wa ndizi kwenye karia, anayekata barabara bila kugeuza shingo. Mwenye kisukari anajifunza kama wengine, ila ana mtego mmoja. Mwanafunzi yeyote wa udereva siku za mwanzo hutetemeka, moyo humwenda mbio, na mwalimu akisema "kata kulia" yeye hukata kushoto. Sukari ikishuka, dalili ni hizohizo. Changanya na joto la ziwani, hutajua jasho hili ni la hofu, la jua au la sukari. Basi usikisie, pima.

1. Zijue dawa zako. Insulini, glibenklamidi na gliklazidi zinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Waambie kliniki kwamba unaanza udereva, na dozi ikibadilishwa, ahirisha masomo mpaka vipimo vitulie.

2. Tano ndipo uondoke. Uingereza, dereva anayetumia insulini hutakiwa kupima sukari ndani ya saa mbili kabla ya kuwasha gari, kisha kila baada ya saa mbili akiwa safarini. Kipimo kiwe milimoli 5 au zaidi (90 kwa mashine zinazosoma kwa miligramu). Kikiwa kati ya 4 na 5, kula kwanza. Chini ya 4, huendeshi. Utaratibu huu hauhitaji kibali cha mtu kuutumia Ipinda au Kasumulu. Stripu ni ghali, najua. Kama huna za kutosha, zitunze kwa ajili ya siku za gari.

3. Nawa mikono kabla ya kujitoboa. Kidole kilichotoka kumenya embe au kufyonza kakao mbichi kitakupa namba kubwa ya uongo, nawe utaondoka ukidhani uko salama.

4. Kula, usisubiri kurudi. Masomo ya udereva yana desturi ya kuchelewa: gari ni moja, na aliyekutangulia bado yuko nalo huko Ipyana. Ukichoma insulini alfajiri kwa matumaini kwamba chai utakunywa baada ya kipindi, unatafuta balaa. Angalia pia kazi za shamba. Ukipalilia mpunga asubuhi, sukari inaweza kuendelea kushuka saa kadhaa baadaye, wakati umeshakaa kwenye usukani. Pombe nayo hushusha, na kwa dereva haina nafasi hata asiye na kisukari.

5. Beba soda ya kweli. Ile isiyo na sukari haitakuokoa. Nusu ya chupa ya kawaida inatosha kuanzia, au vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji. Iweke unapoifikia bila kushuka, si kwenye buti. Chokoleti iache: mafuta yake huchelewesha sukari kuingia mwilini, tena kwa joto letu itakuwa uji kabla hujafika Kikusya. Wilaya inayolima kakao yote hii, na bado chokoleti haitufai hapa!

6. Ikishuka barabarani, simama. Washa indiketa, egesha pembeni, zima gari, chomoa funguo, hama kiti cha dereva. Kunywa soda, pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa tumboni, ndizi au mkate, kisha subiri dakika 45 tangu ifike 5. Ubongo huchelewa kurudi sawasawa hata mashine ikionyesha namba nzuri. Dakika hizo zitakula kipindi chako chote. Acha ziliwe.

7. Mwambie mwalimu. Wengi huficha wakiogopa kukataliwa, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Aliyeshukiwa na sukari huongea hovyo, hukasirika bila sababu, huyumba; asiyejua atasema amelewa. Maneno mawili yanatosha: "Mwalimu, nina kisukari. Ukiona nimenyamaza ghafla au ninajibu ovyo, nisimamishe unipe soda. Nikizimia usinimiminie kitu mdomoni, nikimbize hospitali." Daftari la kliniki likae pamoja na leseni yako ya kujifunzia.

8. Gari si kabati la dawa. Gari lililoegeshwa juani Matema huwa tanuri. Usiache humo insulini wala stripu. Kwa wasio na friji kuna habari njema. Mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza kwamba insulini waliyoipima ilihimili wiki nne za joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lile la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya. Chungu cha Wakisi chenye maji, kile kinachouzwa gulio la Matema, husaidia kupoza. Ila kiweke kivulini penye upepo, na chupa ya dawa isiguse maji.

9. Miguu na macho. Ukiwa na ganzi miguuni hutahisi umekanyaga klachi kiasi gani. Vaa viatu vya soli nyembamba vilivyofungwa, si ndala, na ukung'ute kokoto kabla ya kuvaa. Macho yapimwe kila mwaka. Ukianza insulini na kuona ukungu, usikimbilie miwani mipya. Mara nyingi hutulia baada ya wiki chache.

10. Mlima uje mwisho. Ziwa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 kutoka usawa wa bahari, Tukuyu iko juu ya 1,400. Kati yake kuna kona, ukungu na malori ya mpakani. Kubalansi klachi kule kunachosha. Ukifika Tukuyu, shuka, pima, kula ndizi mbalaga, ndipo uendelee kwenda Mbeya.

11. Siku ya mtihani, nenda na mashine na soda. Foleni inaweza kukuweka mpaka mchana. Sukari ikisoma 4 na jina lako limeitwa, mweleze afande ukweli, kula, na uombe urudishwe mwisho wa foleni.