Kuchagua Chuo cha Shahada ya Pili

Alitujia baba mmoja wa mji wetu, mkononi ana barua mbili za mwanawe. Kijana amemaliza shahada ya kwanza ya historia, naye ataka kuendelea. Barua moja yatoka chuo cha ng'ambo chenye sifa kubwa, bila ya msaada wa fedha. Ya pili yatoka chuo cha karibu, na karo imekwisha patiwa mfadhili. Mzee alikuwa tayari kuuza shamba lake la minazi. Alitaka tumwambie neno moja tu: auze au asiuze?

Tulimuuliza: "Bwana, ni nani atakayemsomesha mwanao huko?" Hakujua. Kijana naye hakujua, na hapo ndipo penye kasoro.

Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, alisafiri hadi Madina kwa ajili ya Imamu Malik, hakufuata jengo. Ijaza ilitoka kwa mwalimu, na jina lake ndilo lililotajwa. Shahada za leo zapigwa muhuri wa chuo, lakini katika utafiti mwanafunzi bado hukabidhiwa msimamizi, naye ndiye asomaye kila sura aandikayo. Ikiwa msimamizi huyo yu karibu kustaafu, au ujuzi wake ni wa jambo jingine, sifa ya chuo haitamfaa kijana kitu. Mmoja katika sisi alipoteza miaka miwili kwa njia hiyo.

Basi kijana na asome kwanza vitabu vya wale anaotaka wamsimamie, kisha awaandikie barua fupi yenye adabu, aeleze ataka kutafiti nini. Na awaulize wanafunzi walioko: mkimpa kazi, huirudisha baada ya muda gani?

Kisha atazame maktaba. Mwenye kutafiti tenzi za kale ana sababu ya kwenda SOAS, London, kwani hati nyingi za wazee wetu zimehifadhiwa huko (namna zilivyotutoka ni mazungumzo ya siku nyingine). Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina ya hati hizo, na nauli yake ni ya basi.

Ama muda, shahada ya pili Uingereza aghalabu ni mwaka mmoja, na kwetu Kenya ni miwili. Uzamivu Uingereza huchukua miaka mitatu au minne. Marekani hutangulia masomo na mitihani, ikawa mitano au zaidi, ila vyuo vingi vya huko humlipia mwanafunzi wa uzamivu karo na kumpa posho. Kwa hivyo si lazima fedha za mzee ziishe katika shahada ya pili. Wala mtu hafungiki na chuo kimoja: Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia mwaka 1961, na uzamivu Oxford mwaka 1966.

Kijana ameandika barua nne. Hata tukiandika haya yamerudi majibu mawili, na shamba halijauzwa.