Mada ya 9: Kusanidi Seva ya Kompyuta Kuu Itoe Huduma ya Wavuti

Malengo

Baada ya kujifunza mada hii, uweze:
(a) kueleza maana ya kompyuta kuu, seva ya programu na huduma ya wavuti;
(b) kutaja kwa mpangilio hatua tano za usanidi;
(c) kutambua hatua yenye kasoro kwa kuangalia dalili zake;
(d) kutofautisha malipo yaliyokataliwa na malipo ambayo jibu lake limepotea.

9.1 Maana ya maneno

Kompyuta kuu ni kompyuta yenye uwezo wa kushughulikia miamala mingi kwa wakati mmoja bila kusimama. Hutumiwa zaidi na mabenki, mashirika ya bima na serikali. Kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta kuu za System/360 mwaka 1964. Nchini Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Seva ya programu ni programu inayopokea maombi, kuita programu ya kazi inayohusika, kisha kurudisha jibu. Katika kompyuta kuu za IBM seva inayojulikana sana ni CICS, iliyoanza kutolewa mwaka 1969.

Huduma ya wavuti ni njia ya kompyuta moja kuomba kazi kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao, kwa ujumbe wenye mpangilio unaoeleweka na pande zote mbili, kama vile XML. Zingatia: anayezungumza hapa ni kompyuta kwa kompyuta. Tovuti husomwa na mtu. Huduma ya wavuti husomwa na programu.

9.2 Mfano wa karibu

Mtahiniwa wa kujitegemea hulipa ada ya mtihani kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12. Namba hiyo hutoka katika GePG, mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017 chini ya Wizara ya Fedha. Mfumo huu huunganisha taasisi za umma na mabenki pamoja na mitandao ya simu.

Chukulia kuwa mtahiniwa wa Kizwite, Sumbawanga, analipa kwa wakala wa pesa kwa simu. Simu ya wakala haina orodha ya watahiniwa. Mtandao wa simu hutuma ombi, huduma ya wavuti hulipokea, na jibu hurudi: namba ni sahihi, kiasi ni hiki. Bila huduma hiyo, mtahiniwa angelazimika kupanga foleni benki na kupeleka stakabadhi kwa mkono.

Sasa chukulia kuwa benki moja ina programu ya zamani ya kupokea malipo, iliyoandikwa kwa lugha ya COBOL, ndani ya CICS. Programu hiyo inafanya kazi vizuri. Je, ni lazima iandikwe upya? Hapana. Tangu toleo la 3.1 la mwaka 2005, CICS inaweza kuitoa kama huduma ya wavuti. Kinachohitajika ni usanidi.

9.3 Hatua tano za usanidi

1. Ramani. Chombo kiitwacho DFHLS2WS husoma muundo wa data wa COBOL na kutengeneza faili mbili: WSDL, yaani maelezo ya huduma kwa wateja, na faili ya ulinganisho. Faili ya ulinganisho ndiyo inayogeuza XML kuwa data ya COBOL na kuirudisha.

2. Mfereji. Fasili PIPELINE. Hii hueleza ujumbe upite hatua zipi kabla ya kufika kwenye programu, na faili ya ulinganisho iko katika saraka gani.

3. Anwani. Fasili WEBSERVICE na URIMAP. URIMAP huonyesha kuwa ombi lenye anwani fulani lipelekwe kwenye mfereji na huduma fulani. CICS inaweza kuziunda zote mbili yenyewe inapokagua saraka ya mfereji.

4. Mlango. Fasili TCPIPSERVICE: namba ya mlango, itifaki ya HTTP, na usimbaji fiche pamoja na cheti cha usalama. Mlango hufunguliwa baada ya hatua nyingine, ili maombi yasiingie kabla huduma haijawa tayari.

5. Jaribio. Tuma ombi moja sahihi na jingine lenye kosa la makusudi. Huduma iliyojaribiwa kwa ombi sahihi peke yake haijajaribiwa.

Kumbuka kwa mpangilio: *ramani, mfereji, anwani, mlango, jaribio.*

9.4 Dalili na mahali pa kuangalia

- Muunganisho unakataliwa: mlango haujafunguliwa, au namba yake imekosewa.
- Muunganisho unaanza kisha cheti kinakataliwa: angalia cheti na muda wake.
- Jibu ni 404: anwani katika URIMAP hailingani na ya mteja.
- Kosa la kugeuza data: ramani hailingani na ujumbe. Kwa mfano, muundo wa COBOL umeweka nafasi 10, lakini namba ya malipo ina tarakimu 12.

9.5 Jibu likipotea

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Ombi husafiri kwenda, na jibu husafiri kurudi. Mtandao ukikatika wakati wa kwenda, malipo hayakufanyika. Ukikatika wakati wa kurudi, malipo yamefanyika, lakini wakala haoni risiti. Kwenye simu yake hali zote mbili zinafanana.

Wakala akituma tena, fedha zinaweza kukatwa mara mbili. Asipotuma, na ombi la kwanza halikufika, mtahiniwa anaweza kupitwa na tarehe ya mwisho ya usajili. Kwa hiyo kila muamala hupewa namba yake ya pekee. Ombi likirudiwa kwa namba ileile, programu hutafuta kumbukumbu yake kwanza. Ikiikuta, hurudisha jibu lile la awali bila kukata fedha tena.

Usanidi wa hatua tano haukupi kinga hii. Ni lazima iwemo ndani ya programu yenyewe.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti moja kati ya tovuti na huduma ya wavuti. (Alama 2)
2. Kwa nini mlango hufunguliwa baada ya ramani, mfereji na anwani? (Alama 2)
3. Mteja anapata jibu la 404. Fundi anataka kubadilisha cheti cha usalama. Je, yuko sahihi? Eleza. (Alama 3)
4. Wakala wa Kizwite ametuma malipo na hajapata jibu. Eleza namna namba ya pekee ya muamala inavyomlinda mtahiniwa. (Alama 5)

Mwongozo wa majibu

1. Tovuti husomwa na mtu. Huduma ya wavuti hutumiwa na programu.
2. Ili maombi yasiingie kabla huduma haijawa tayari.
3. Hapana. Jibu la 404 linaonyesha kuwa ombi limefika na kusomwa, hivyo cheti kimekubaliwa. Aangalie anwani katika URIMAP.
4. Taja hali mbili zinazowezekana (alama 2), kisha eleza kinachotokea ombi likirudiwa kwa namba ileile katika kila hali: kama halikufika, linatekelezwa sasa, kama lilifika, jibu la awali linarudishwa (alama 3). Ukieleza hali moja tu, hutapata alama zote.