KHATARI TUSIYOIONA KWA MACHO: SOMO KUTOKA KITENGELA NA KAJIADO



Somo letu la leo ni swali moja: mtu huipimaje khatari ya maradhi ya kuambukiza, na ni lipi limfanyalo akubali kujihadhari au akatae? Jawabu lililozoeleka ni kwamba watu hawana ilimu. Wafundishwe, nao watajihadhari. Jawabu hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mtu huweza kuijua khatari barabara, na asiinue mkono kujikinga nayo. Kwa hakika sisi sote twaipima khatari kwa vipimo vitatu: lile tulionalo kwa macho, yule tumwaminiye kwa habari, na gharama ya hadhari tunayotakiwa kuichukua. Makusudio yetu ni kuvieleza vipimo hivyo kwa mfano wa Kajiado wakati wa maradhi ya korona, kisha tujipime sisi wenyewe watu wa pwani.

Habari za Kajiado

Kaunti ya Kajiado iko kusini ya Nairobi, nayo yafika hadi mpaka wa Tanzania. Upande wake wa kaskazini iko miji ya Ngong, Kiserian, Ongata Rongai na Kitengela, ambayo wengi wa wakazi wake huamkia kazini Nairobi na kurudi jioni. Kitengela peke yake, katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Ukiifuata njia kuu ya kwenda kusini wapita Isinya, kisha mji wa Kajiado, kisha wafika Namanga mpakani. Huko ni nchi ya Wamasai na mifugo yao.

Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya wa Kenya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana nchini. Alikuwa msafiri aliyerudi kutoka Marekani kwa njia ya London, na makazi yake yalikuwa Ongata Rongai. Hivyo jina la Kajiado likaingia katika habari hizi tangu siku ya kwanza.

Tarehe 6 Aprili 2020 ikatoka amri ya kuzuia watu kuingia na kutoka Nairobi na vitongoji vyake, kuanzia saa moja usiku wa siku ile. Katika upande wa Kajiado mpaka wa amri uliwekwa Kitengela, na Ngong, Kiserian na Ongata Rongai zikawa ndani. Mji wa Kajiado wenyewe ukabaki nje. Siku mbili baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale nazo zikafungwa. Kilifi na Kwale zikafunguliwa mwezi wa Juni, na Nairobi na Mombasa mwezi wa Julai. Kisha tarehe 26 Machi 2021, maradhi yalipopanda tena, Kajiado yote, mjini na malishoni, ikatiwa ndani ya mpaka mmoja pamoja na Nairobi, Machakos, Kiambu na Nakuru, mpaka tarehe 1 Mei.

Tuufikiri mpaka ule. Faida yake ilikuwa kupunguza safari, kwani maradhi haya hutembea kwa miguu ya watu. Lakini ni rahisi mno kwa mwenye kusikia kudhani kwamba mpaka wa amri ndio mpaka wa maradhi: aliye nje ajione salama, na aliye ndani ajione ameshitakiwa. Wala maradhi hayakuujua mpaka ule. Waliokuwa wamekwisha kusafiri kabla ya saa moja ya usiku ule walikuwa wamekwisha kusafiri nayo.

Kipimo cha kwanza: lile lionwalo

Binadamu huamini jicho lake kabla ya sikio lake. Mwaka ule watu wengi waliuliza: "Mbona hatuwaoni hao wagonjwa?" Swali hili si la kijinga. Wengi walioambukizwa hawakuugua sana, na wengine hawakuona dalili yoyote. Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya walioko Kilifi, hapa hapa kwetu pwani, walipima damu zaidi ya 3,000 zilizotolewa na watu kwa ajili ya wagonjwa, baina ya mwisho wa Aprili na Juni 2020. Wakakadiria kwamba katika kila watu 100 wa nchi wapatao 4 walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na Mombasa wapatao 8. Mwanzoni mwa mwezi wa Juni hesabu ya wagonjwa waliothibitishwa katika Kenya nzima ilikuwa kiasi cha 2,000 tu. Maana yake ni kuwa maradhi yalikuwa yamekwisha kuenea mara nyingi zaidi ya yalivyoonekana, na aliyesema hayapo alikuwa huenda ameketi nayo barazani.

Lakini tusidhani kuwa macho ya watu siku zote ni dhaifu. Mwishoni mwa mwaka 2006, ilipozuka homa ya Bonde la Ufa katika Kenya, wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki waliona mvua nyingi, mbu wasio kifani na mifugo inayoharibu mimba, wakatambua kuwa ni maradhi waliyoyajua wao kwa jina la "sandik", kabla ya watu wa mifugo wa Serikali kuyathibitisha. Jicho lao lilikuwa limefunzwa na mali yao. Basi mtu huona mapema khatari aliyoishi nayo, na huchelewa kuiona ile iliyo ngeni na isiyokuwa na alama. Hapo ndipo ilimu inapohitajika khasa.

Tena liko kosa la upande wa pili, nalo ni kuyazoea maradhi mpaka yasitutishe. Mwezi wa Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka, na mwanzo wake ukahusishwa na karamu ya arusi katika Kaunti ya Kiambu. Kajiado ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kupata wagonjwa. Kipindupindu twakijua kwa jina, kwa dalili na kwa dawa yake. Lakini ni nani kwetu ambaye, akialikwa arusini, huuliza maji ya kunawa yametoka wapi?

Kipimo cha pili: yule aaminiwaye

Habari ya khatari ni kama amana. Haipokelewi illa kutoka mkononi mwa mwaminifu. Yule mgonjwa wa kwanza alipopona, alijitokeza mbele ya watu mwanzo wa Aprili 2020 ili awape moyo wengine. Badala ya kushukuriwa, wengi walimkadhibisha na kumfanyia mzaha, na mambo yake ya siri yakaenezwa. Waliofanya hivyo walidhani wamemdhuru mtu mmoja. Kumbe walimfundisha kila mwenye kikohozi kuwa kunyamaza ni salama kuliko kusema.

Ndugu zetu wa Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa na habari yao. Tarehe 6 Mei 2020 mtaa wao ulifungwa kwa siku 15, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kisha muda ukaongezwa. Wizara ililalamika kuwa watu hawajitokezi kupimwa. Lakini mwenye kujitokeza alikuwa akitazama mbele yake nini? Aliona kutengwa mbali na watu wake, na katika majuma ya mwanzo waliotengwa walitakiwa kulipa gharama zao wenyewe. Mwezi ule ule wa Mei Serikali ilitangaza kuwa itaibeba gharama ile, lakini khofu ikisha kuingia haitoki kwa tangazo moja.

Na kabla ya hapo, tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka usiku, abiria waliosongamana kwenye kivuko cha Likoni walipigwa virungu na kutupiwa moshi wa kutoa machozi. Watu walioambiwa wasikaribiane walisukumwa wakawa kifungu kimoja. Mwenye kuyaona hayo hujifunza kumwogopa askari, si maradhi. Ndiyo sababu wengi waliivaa barakoa kidevuni (jina ambalo bibi zetu walilijua kwa vazi jingine), wakaipandisha puani walipomwona polisi tu, kwa kuwa faini yake ilikuwa hadi shilingi 20,000.

Kipimo cha tatu: gharama ya hadhari

Kuosha mikono ni neno jepesi kwa mwenye bomba. Katika Kitengela watu wengi hununua maji ya visima, yaletwayo kwa magari ya matangi na kwa mikokoteni, na kila mtungi una bei yake. Mama mwenye mtungi mmoja wa siku nzima, na watoto wa kupikiwa na kuoshwa, akisikia amri ya kunawa kila saa hulazimika kuchagua. Vilevile, matatu ya watu 14 iliamrishwa ichukue watu 8. Hadhari ile ilikuwa njema, lakini nauli zikapanda, na mwenye kibarua cha siku alilipa zaidi ili aifuate kazi iliyokuwa imepungua. Alipochoka, watu walisema amedharau. Haikuwa dharau, alikuwa amepima njaa ya leo, ambayo ina hakika, na maradhi ya kesho, ambayo ni ya shaka.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Hadhari isiyowezekana huvunjwa, na ikisha kuvunjwa mara nyingi, mtu hutafuta neno la kuituliza nafsi yake. Neno hilo huwa ni: "Maradhi yenyewe hayapo." Basi mara nyingi kukanusha khatari si chanzo cha kuacha hadhari, ni tunda lake.

Shubuha ya kadari

Baadhi yetu husema: "Kila jambo ni kadari, kujihadhari kwafaa nini?" Na tukumbuke habari ya Sayyidna Umar, alipokuwa akielekea Shamu, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kuwa huko mbele iko tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akawasikiliza wote, kisha akaamua kurejea. Alipinzwa kwa hoja hii hii ya kadari, naye akabainisha kuwa kurejea kwake nako ni katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha Abdurrahmani bin Auf akawaeleza aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba penye tauni pasiingiwe, na aliye ndani asitoke kwa kuikimbia.

Zingatieni hukumu hiyo. Aliye nje hujikinga mwenyewe, na aliye ndani huwakinga wengine. Wote wawili wana wajibu, wala hakuna baina yao aliyeshitakiwa. Lau mpaka wa Kitengela ungalifahamiwa kwa maana hiyo pande zote mbili, ungalikuwa na faida kubwa zaidi.

Yatupasayo

Kwanza, tusingoje maradhi yafike ndipo tuanze kufundishana. Mwalimu wa madrasa, mkunga, mwenye duka na nahodha wa mashua waaminiwa zaidi na majirani zao kuliko sauti itokayo mbali; hao ndio wapewe ilimu sahihi mapema.

Pili, mgonjwa aheshimiwe. Siri yake isitembezwe barazani, wala jina lake lisifanywe kichekesho. Mtaa umsitirio mgonjwa hupata habari za maradhi mapema. Mtaa umfedheheshao huzipata mazikoni.

Tatu, kila tunapomwamuru mtu hadhari tumuulize itamgharimu nini, na tumsaidie kwa kadiri tuwezavyo. Pipa la maji lenye bomba na sabuni mlangoni pa msikiti, shuleni na penye arusi lafaa kuliko khutuba kumi za usafi. Jirani aliyetengwa siku 14 apelekewe chakula. Akijua kuwa watoto wake watakula, hatakimbia.

Nne, tuseme kweli hata pale tusipokuwa na jawabu kamili. Mwenye kutia chumvi ili awatishe watu, na mwenye kupunguza ili awatulize, wote wawili huiharibu amana, na siku ya khatari kubwa hawatasikilizwa.

Maswali ya darasa

1. Katika mtaa wako, ni maradhi gani mliyoyazoea hata hayawatishi tena? Ni hadhari gani mliyoiacha kwa sababu hiyo?
2. Lau jirani yako angepatikana na maradhi ya kuambukiza kesho, angekuwa na sababu gani ya kukuficha wewe?
3. Taja hadhari moja ambayo watu hulaumiwa kwa kutoifuata. Je, ni ujinga unaowazuia, au ni gharama? Ikiwa ni gharama, ni nani kati yetu awezaye kuipunguza?

Wanadarasa wayajibu haya kwa mambo ya mitaani mwao wenyewe, si kwa maneno ya jumla. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.