ADABU YA NJIANI: JE, NI KWELI AJALI HAINA KINGA?

Asubuhi moja mwandishi wa somo hili alikuwa amesimama penye kivuko chenye milia, katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru. Karibu naye alisimama mzee mmoja aliyemshika mkono mjukuu wake, mtoto wa shule mwenye mkoba mgongoni. Magari mawili yalisimama ili watu wavuke. Mzee alipokwisha kutia mguu barabarani, matatu ilichomoka nyuma ya magari yale, ikayapita kwa upande wa kulia na kukata milia ile kwa kishindo cha honi. Mzee alimvuta mtoto nyuma, na mkoba ukaanguka.

Kondakta alitoa kichwa mlangoni akapiga kelele, "Mzee, angalia njia! Ajali haina kinga!"

Matatu ile haikufika mbali. Ilisimama hatua 50 tu mbele, ikingoja abiria. Mzee alivuka polepole, akaifikia, akamwambia dereva bila hasira, "Mwanangu, kinga ya ajali hii ilikuwa chini ya mguu wako wa kulia." Dereva alitazama mbele, wala hakujibu.

Maneno ya mzee yule ndiyo somo letu la juma hili. Mithali isemayo kwamba ajali haina kinga ni ya kweli kwa mtu aliyeangukiwa na mti wakati wa dhoruba. Lakini wengi wetu twaitumia kufunika mambo ambayo mtu ameyachagua mwenyewe. Kila mwaka, tangu 2021 hata 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote katika hao ni watu waendao kwa miguu. Basi yafaa tuyapime matendo ya madereva moja moja, tuone kama kweli hayana kinga.

1. Faida ya haraka

Sheria imeweka kilomita 80 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo wa magari ya abiria na malori makubwa. Tuseme dereva wa matatu ana safari ya kilomita 40. Akishika sheria, atafika kwa dakika 30. Akiivunja na kwenda kilomita 100 kwa saa, atafika kwa dakika 24. Amepata dakika 6, tena ikiwa hakuna lori lililomzuia wala mji wa kupunguza mwendo. Dakika hizo ataziketia katika kituo akingoja gari lijae. Kwa faida hiyo ameziweka roho 14 rehani.

2. Hesabu ya breki

Dereva mwingine hujisifu kwamba breki zake ni nzuri. Hata zikiwa mpya, hapana budi ipite karibu sekunde 1 kati ya kuona hatari na kukanyaga breki. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 katika sekunde hiyo, kisha huhitaji mita nyingine 14 hivi kusimama katika lami kavu. Jumla ni mita 28. Gari la kilomita 100 hupita mita 28 kabla ya breki kushika, kisha huhitaji mita 56. Jumla ni mita 84. Yaani mwendo ukizidi mara mbili, breki huhitaji nafasi mara nne. Na mvua ikinyesha, zaidi ya hapo.

Sasa fikiri mtoto ametokea barabarani mita 30 mbele yako, mjini, mahali ambapo sheria yasema kilomita 50. Ukiishika sheria, utasimama kabla ya kumfikia. Ukiwa katika mwendo wa kilomita 70, utamfikia huku gari lingali likienda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ijapokuwa umekanyaga breki kwa nguvu zako zote. Mtoto ni yule yule na breki ni zile zile. Kilichobadilika ni mwendo aliouchagua dereva.

3. Kulipita gari lililo mbele

Katika barabara ya magari mawili yanayopishana, hapana tendo linaloua kama kupita gari jingine bila kuona mbele. Tuchukue lori refu la mita 18 liendalo kilomita 80 kwa saa, na motokaa iendayo 100 inayotaka kulipita. Motokaa hutoka nyuma ya lori kwa nafasi, na hurudi mbele yake kwa nafasi. Kazi hiyo huchukua sekunde 11 hivi. Katika sekunde hizo motokaa imekwenda mita 300 na zaidi. Lakini gari lijalo kutoka mbele nalo halikusimama. Kama lina mwendo ule ule, nalo limekwenda mita 300. Basi njia inayotakiwa kuwa tupu ni zaidi ya mita 600. Dereva apitaye penye kona au juu ya kilima, asikoona hata mita 100, amefumba macho na kucheza kamari kwa maisha ya watu wasiomjua.

Kuna na yule asiyekubali kupitwa. Akiona mwenziwe amekwisha kuwa ubavuni, yeye huongeza mwendo kwa kiburi. Huyo ni mshirika katika ajali, hata kama hakutoka upande wake. Adabu ni kupunguza mwendo kidogo, ukampa mwenzio nafasi ya kurudi.

4. Mteremko na gia

Wakaao karibu na Salgaa na Sachangwan, katika Kaunti ya Nakuru, wanalijua jambo hili kwa machozi. Madereva wengine wa malori, wakiufikia mteremko ule mrefu, walikuwa na desturi ya kuitoa gari katika gia ili kuokoa mafuta. Lori lenye shehena likiachwa huru hukosa msaada wa injini wa kulizuia, na mzigo wote huangukia breki. Breki hupata moto; zikipata moto sana, hazishiki tena. Hapo dereva hana la kufanya ila kupiga honi.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mwaka 2017, basi na lori viligongana mahali paitwapo Migaa, katika barabara hiyo hiyo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Baadaye ukuta wa zege ulijengwa katikati ya barabara ili kuzitenga pande mbili. Ukuta huzuia gari lisivuke upande wa pili. Hauwezi kumfundisha dereva kushuka na gia nzito. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliwaingilia watu na magari yaliyokuwa kando ya barabara, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa wakingoja gari. Anayeshuka mlima na aukumbuke ukweli huu: chini ya mteremko pana soko.

5. Taa, na matawi ya miti

Usiku una adabu zake. Mwenye kuwasha taa kali machoni pa mwenziwe humpofusha kwa muda, na kipofu huyo ndiye ajaye kumkabili. Akikataa kuzipunguza, nawe usimlipe kwa kuwasha zako. Mkiwa vipofu wawili hapana atakayeona. Punguza mwendo, utazame ukingo wa kushoto wa barabara hata apite.

Gari likiharibika, sheria yataka ziwekwe pembetatu nyekundu zinazoakisi mwanga, mbele na nyuma. Twaona badala yake matawi ya miti yametupwa njiani. Tawi haliakisi mwanga, wala mvua ikinyesha halionekani. Na yako makosa mabaya zaidi: dereva akazuia magurudumu kwa mawe makubwa, na gari lake likiisha kutengenezwa, akaenda zake na kuyaacha mawe katikati ya barabara. Mtu wa pikipiki atakayeyakuta saa mbili za usiku hatajua ni nani aliyemwekea mtego.

6. Foleni

Mjini, kero ya kila siku ni yule asiyetaka kungoja zamu. Watu mia wamepanga mstari; yeye hupita pembeni juu ya njia ya waendao kwa miguu, au huvamia upande wa magari yajayo, kisha hujichomeka mbele. Hudhani amekuwa mjanja. Kumbe magari aliyoyafungia njia ndiyo yaliyotakiwa kutoka ili mzunguko ufunguke. Yakishindwa kutoka, hakuna aingiaye, na foleni ya dakika 10 huwa ya saa nzima. Mjanja mwenyewe hukaa ndani yake pamoja na wengine, na nyuma yao gari la wagonjwa hulia bila kupata nafasi.

7. Wajibu wa abiria

Si haki kuwalaumu madereva peke yao. Wazee watakumbuka Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, marehemu John Michuki, zilipoanza kushikwa. Magari ya abiria yalitakiwa kuwa na vidhibiti mwendo na mikanda kwa kila kiti, na mstari wa manjano ubavuni. Magari mengi yalitolewa barabarani, na watu wengi walikwenda kazini kwa miguu. Hata hivyo walivumilia, na kwa muda utaratibu ulionekana. Ulilegea kidogo kidogo, si kwa kuwa sheria ilifutwa, bali kwa kuwa abiria wa 15 alikubali kuinama ndani ya gari lililokwisha kujaa, na wale 14 wakanyamaza.

Abiria asemaye kwa upole, "Dereva, tafadhali punguza mwendo, tuna watoto humu," hafanyi ugomvi. Mara nyingi wenzake walikuwa wakingoja mmoja aanze. Vilevile abiria anayesimamisha gari popote apendapo, penye kona au katikati ya njia, asilalamike gari la nyuma likigonga. Na aendaye kwa miguu usiku na avae nguo nyeupe, atembee upande wa kulia ayaone magari yanayomjia.

Mwisho

Tumeyapima matendo hayo, na kila moja tumeiona kinga yake: kupunguza mwendo, kungoja mahali panapoonekana, kushuka na gia, kushusha taa, kuondoa mawe, kushika zamu. Hakuna hata moja linalohitaji fedha. Yote yahitaji mtu akumbuke kwamba katika magari mengine na kando ya barabara kuna watu wanaongojwa nyumbani kama yeye anavyongojwa. Barabara ni mali ya wote, naye mwenda pole hajikwai.

Mtoto yule wa kivukoni aliuokota mkoba wake, akaenda shule. Safari hii mkono wa babu yake ulikuwa karibu. Kesho huenda akavuka peke yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi

1. Kwa nini gari liendalo kilomita 100 kwa saa huhitaji nafasi mara nne ya breki kuliko la kilomita 50?
2. Kuna hatari gani kuteremka mlima na lori lisilo katika gia?
3. Katika kijiji au mtaa wenu, ni mahali gani madereva hukosa adabu zaidi, na ninyi wakazi mwaweza kufanya nini hapo?
4. Mara ya mwisho ulipoona dereva wako akiendesha vibaya, ulisema neno? Kama hukusema, ni kitu gani kilichokuzuia?