Mtoto Anayechekwa na Kuachwa Peke Yake

Ninyi wazazi mliohama makwenu na ninyi mliowapokea, somo letu la leo linahusu maneno ambayo wakubwa wengi huyaita michezo ya watoto.

Vita vya Salamabila na vijiji vya kandokando vilifanya familia nyingi zitembee ndani ya Kabambare na hata kufika Kasongo. Mtoto wa familia kama hiyo anaingia shuleni katikati ya mwaka, bila buletini, bila shati nyeupe na nguo ya bluu. Kwa kuwa hana karatasi, anarudishwa madarasa mawili nyuma: kijana wa miaka 14 anakaa na watoto wa miaka 12. Wanamwita "mzee". Wengine wanamwita "Mai-Mai", hata kama ni watu wenye silaha waliomfukuza kwao. Tangu mwaka wa 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Ni jambo jema, lakini madarasa yamejaa, na mwalimu hamwoni upesi yule anayenyamaza kule nyuma.

Kunyamaza huko ndiko tunakotaka mkuangalie. Ugomvi una kelele, kila mtu anakimbilia kuamua. Kutengwa hakuna kelele. Watoto wanapogawana timu za mpira, yeye hachaguliwi (ndiyo sababu hatukubaliani sana na wale wanaosema mpira peke yake unaleta amani). Baadaye anachelewa makusudi ili asitembee na wengine njiani. Anakosa siku moja, kisha tatu, kisha juma zima. Kijana wa namna hiyo akikutana na watu wanaomwita kwa jina lake, hata kwenye machimbo ya dhahabu, hata katika kikundi cha silaha, anaona amepata ndugu. Mwingine anabaki shuleni, lakini siku moja anakuja na kisu. Na msichana aliyerudi kutoka msituni na mtoto mgongoni, anayeitwa "bibi ya Mai-Mai", mara nyingi hapigi mtu. Anaacha masomo tu, na hakuna anayehesabu kwamba hiyo nayo ni jeuri iliyotendeka shuleni.

Mambo haya si ya kwetu tu. Huko Kenya, mwaka wa 1999, katika shule ya sekondari ya wavulana ya Nyeri, wanafunzi waliwachoma usiku viranja wanne, yaani wenzao waliopewa mamlaka juu yao, na wote wanne wakafa. Huko Marekani, mwaka wa 2002, wachunguzi wa serikali walitoa matokeo juu ya mashambulizi 37 ya shuleni. Karibu robo tatu ya washambuliaji walijiona wameonewa au kusumbuliwa na watu. Hatusemi kwamba kila anayechekwa ataua. Wengi sana hawamgusi mtu, wanaumia ndani tu, na uchunguzi ule wenyewe ulisema kwamba washambuliaji hawakuwa na sura moja. Lakini ulionyesha jambo lingine la kutufaa: katika mashambulizi zaidi ya nane kwa kila kumi, kulikuwa na mtu aliyejua mbele. Mara nyingi alikuwa mwanafunzi mwenzake, si mkubwa.

Basi kwa nini mtoto aliyesikia hasemi? Kwa sababu nyumbani anaitwa mchongezi. Kwa sababu mwalimu anawapiga wote wawili, na jioni aliyeshtaki anapigwa tena njiani. Hapo adhabu ya mbele ya darasa imemwongezea mwonewa maadui. Kumfukuza mwenye kosa pia si dawa: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuwaingiza watoto katika vikundi vya silaha, na sisi tukimfukuza kijana asiye na pa kwenda tunamsogeza kwao.

Tunawaomba walimu wabadilishe benchi kila juma, wasiwaache watoto wachaguane wenyewe, na wakataze majina ya dharau tangu siku ya kwanza. Mwonaji aongee na mwalimu faraghani, na jina lake lisitajwe. Komite ya wazazi iwe na mzazi aliyehama, mwenye kusema kweli, si wa kujaza kiti. Nanyi wazazi mliopoteza nyumba na mashamba, tunaelewa mnapomwambia mtoto "ukipigwa, piga nawe". Lakini jioni muulizeni kwanza: leo ulikaa na nani? Ulicheza na nani? Akijibu "hakuna mtu" siku tatu mfululizo, nendeni kumwona direkta au prefe asubuhi inayofuata.

Kwa wakuu wa mitaa, tunaomba barza ijayo izungumze maswali haya: katika shule yetu, ni mtoto gani anayetembea peke yake? Nani kati ya wakubwa anajua jina lake la kweli? Mtoto aliyesikia maneno ya kisasi, atamwambia nani hapa kwetu bila kuogopa?