Safari ya Pikipiki Njia ya Mchanga: Nani Yuko Nyuma Yako?

Somo la leo ni la kusomwa kwa sauti mkutanoni kabla hamjatoka, si baada ya kurudi. Linahusu safari ya pikipiki ambayo marafiki au wanakikundi wanaifanya pamoja kwenye njia za vumbi, mchanga na mawe. Pengine vijana wa kikundi wanataka kwenda kuona bwawa la mchanga la kikundi jirani. Pengine ni matembezi tu ya Jumamosi, marafiki wanataka kupanda vilima na kufurahi. Kufurahi si dhambi. Lakini pikipiki sita au nane zikitoka pamoja, kuna jambo linaloingia ambalo halipo mtu akiwa peke yake: kila mmoja hataki kuonekana mwoga. Hapo ndipo mifupa huvunjika.

Tuchukue njia za kaunti ya Kitui, upande wa kusini. Lami ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui inapita Ikutha na Mutomo, na mtu anaweza kudhani shida zimeisha. Hebu iache lami uingie vijijini. Utakuta marram iliyojikunja kama mabati, kisha udongo mweusi, kisha mto mkavu wenye mchanga wa kumeza gurudumu. Wenzetu wa Makueni, Baringo na Tana River wanazijua njia za namna hiyo pia.

Pikipiki uliyo nayo

Miaka ya 1980 na 1990 pikipiki nyingi zilizoonekana vijijini zilikuwa zimeundwa kwa njia mbaya. Yamaha DT na AG100, Honda XL: hizo zilibeba maofisa wa kilimo, wauguzi wa chanjo na mapadre. Tairi zake zilikuwa na vinundu, springi ndefu, na tumbo la injini lilikaa juu ya mawe. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zimejaa Boxer, TVS na nyingine za aina hiyo. Ni pikipiki nzuri, hazili mafuta, na spea zinapatikana kila soko. Lakini ni pikipiki za barabara. Tairi ni laini, tumbo liko chini. Haimaanishi haziwezi kupita mtoni. Inamaanisha zinapita polepole, na kijana aliyeona mashindano ya pikipiki kwenye simu asidhani ya kwake itaruka tuta vilevile.

Jioni ya kabla ya safari, kutaneni na mkague pamoja, kila mmoja akague ya mwenzake. Mtu huzoea ubovu wa pikipiki yake mpaka hauoni tena. Shika cheni chini katikati: ipande na kushuka kama sentimita 2 hadi 3. Ikilegea zaidi inaweza kuruka kwenye meno, na ikiruka kwenye mteremko inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Tingisha spoki moja moja. Pima mafuta ya injini pikipiki ikiwa imesimama wima, si imelala kwa stendi ya pembeni. Bana breki zote mbili huku ukisukuma. Nati zinazoshika gurudumu na zile za kubebea mizigo zilegezwi na barabara ya mabati kuliko kitu kingine, kwa hiyo zikazwe usiku huo, na zikaguliwe tena mkisimama mara ya kwanza.

Wengine hupunguza upepo wa tairi ili zisizame mchangani. Ni kweli inasaidia, lakini punguza kidogo tu. Tairi yenye tyubu ikikosa upepo hujizungusha kwenye rimu, inang'oa valvu, na hapo mmepoteza saa nzima juani. Pampu moja na vifaa vya pancha vitoshe kundi zima, navyo vikae kwa mtu wa mwisho. Sababu yake tutaiona.

Petroli: Boxer ikienda vizuri kwenye lami inaweza kufika kilomita 40 kwa lita au zaidi. Mchangani, kwa gia ya kwanza na ya pili, usitegemee hivyo. Beba ya akiba kwenye mtungi wa petroli, si chupa ya soda iliyofungwa karibu na egzosi.

Namna ya kupanga mstari

Sasa tufike kwenye kiini. Vikundi vingi vikisafiri, mwepesi anaenda mbele, na asiyejua sana anajikokota nyuma. Inaonekana ni jambo la kawaida, sivyo? Kumbe ndio mpango wa hatari kuliko yote, na hebu tuone kwa nini.

Tuseme pikipiki ni sita. Ya kwanza inavuka mchanga, inapanda ukingo, dereva anaona njia ni safi anaongeza hadi kilomita 50 kwa saa. Wakati huo ya sita bado inahangaika katikati ya mto. Inapotoka, wenzake hawaonekani, ni vumbi tu. Dereva wa sita, ambaye ndiye mwanagenzi, anakimbia 70 ili awafikie, ndani ya vumbi, njia asiyoijua. Mstari wa pikipiki huvutika kama mpira: wa mbele akienda kwa starehe, wa mwisho anakimbia kuokoa aibu. Kwa hiyo mnyonge mkimweka mwisho, mmempa kazi ya kukimbia kuliko wote.

Panga hivi. Mbele aende anayeijua njia na asiye na haraka ya moyo. Nafasi ya pili apewe asiye na uzoefu, ili kiongozi amwone kwenye kioo kila wakati na mwendo wa safari yote uwe mwendo wake. Wengine wafuate. Mwisho kabisa akae dereva bora mliye naye, ambaye pia ana mkono wa fundi, na yeye ndiye abebe spana, pampu, kamba na sanduku la huduma ya kwanza. Hampiti mtu yeyote. Ukiwa na spana ukiwa mbele, zitamsaidia nani aliyekwama nyuma?

Kuna watakaonung'unika kwamba mwendo ni wa konokono. Wasomee Mwanzo 33, mstari wa 12 hadi 14. Esau alikuja na watu mia nne akamwambia ndugu yake waende pamoja. Yakobo alimshukuru lakini hakukubali. Alikuwa na watoto wadogo na mifugo inayonyonyesha, akajua kwamba wakikimbizwa siku moja tu wanyama watakufa. Akachagua kwenda kwa mwendo wa mifugo na wa watoto. Yakobo hakuwa mvivu. Alikuwa mfugaji aliyejua hesabu.

Sheria ya njia panda

Kijijini hakuna vibao, na mahali pengi hakuna network. Ile tabia ya kusema “tutapigiana simu” haifai. Tumieni sheria hii, ambayo waendesha pikipiki wa njia mbaya wanaitumia nchi nyingi: kila dereva anawajibika kwa mtu mmoja tu, yule aliye nyuma yake. Ukifika njia panda, simama. Ngoja mpaka umwone, naye akuone, ndipo uendelee.

Angalia inavyofanya kazi. Wa nne amepata pancha. Wa tano na wa sita wanamfikia wanasimama naye, spana zipo. Wa tatu amefika njia panda, anangoja, hamwoni wa nne, haondoki. Wa pili kwenye njia panda iliyofuata hamwoni wa tatu, naye anabaki. Kiongozi vilevile. Safari nzima imesimama yenyewe bila mtu kupiga kelele. Baada ya dakika 10, au muda wowote mliokubaliana, wa tatu anarudi nyuma kwa njia ileile waliyokuja nayo. Asikate njia ya mkato ati awahi. Ukipita mkato mtapishana, na sasa waliopotea ni wawili.

Kati ya pikipiki na pikipiki acheni nafasi hadi vumbi litulie. Kama upepo hauvumi, nafasi hiyo inaweza kuwa kubwa sana, na hakuna ubaya, kwa sababu mnajua mtangojana. Washeni taa hata mchana.

Mtoni

Mchangani usikate kona kwa ghafla na usiguse breki ya mbele. Weka gia ya pili, shika petroli sawasawa, peleka uzito nyuma kidogo, angalia mbali na si gurudumu. Pikipiki itacheza cheza, iache icheze. Ikizama, teremka usukume huku injini ikisaidia, badala ya kuchimba shimo kwa gurudumu la nyuma. Wanavuka mmoja mmoja. Wa pili asiingie kabla wa kwanza hajatoka.

Lakini kabla ya yote, salimieni watu. Mito hii mikavu si barabara. Akina mama wanachimba visima mle mchangani, na penye bwawa la mchanga, yaani ukuta wa zege uliojengwa kukinga mchanga ili ushike maji chini yake, kijiji kizima kinakunywa hapo. Dereva mmoja azime injini aende kwa mguu: “Habari ya asubuhi mama, tupitie wapi tusiharibu maji?” Ataonyeshwa, na mara nyingi ataonyeshwa pia mahali palipo pagumu. Mafuta ya injini yakivuja karibu na kisima, mmewadhulumu watu ambao hata hamkuwajua. Ukaguzi wa jioni ulikuwa na sababu.

Wakati wa mvua ni jambo lingine. Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tunayoitegemea, na ndiyo inayoua. Mto unaweza kujaa hapa jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji, na zaidi ya watu 30 walikufa. Basi zima, jamani. Pikipiki ni nini? Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima. Kwa hiyo maji ya rangi ya udongo yanayokimbia hayavukwi kwa pikipiki, hata kama kijana wa hapo anawaambia amevuka jana. Kaeni ukingoni, pikeni chai. Na hata mto ukiwa mkavu, msipumzike katikati wala msiegeshe kwenye kivuli cha kingo.

Injini ikizimika ndani ya maji, usipige kiki. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda unaweza kupinda chuma cha ndani. Isukume nje, fungua plagi, piga kiki maji yatoke, kausha, ndipo ujaribu.

Mtu akianguka

Helmeti kwanza. Sheria inataka dereva na abiria wake wavae helmeti na koti la kung'aa, na abiria ni mmoja tu. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya wanaopata ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iliyoning'inizwa kwenye mkono haipunguzi kitu. Ongeza viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Ndala mchangani ni kuomba kuchubuliwa.

Mwenzenu akianguka, mmoja asimame mbele na mwingine nyuma kuzuia wanaokuja. Zimeni pikipiki iliyoanguka. Penye damu, bonyeza kwa kitambaa safi na usiachilie. Akilalamikia shingo au mgongo, au akiwa hana fahamu, msimwinue na msivute helmeti kwa nguvu. Kama hapumui, hapo helmeti itolewe, mmoja akishika kichwa na shingo visitikisike na mwingine akiivuta taratibu. Ile tabia ya kumpachika mgonjwa katikati ya watu wawili kwenye boda boda imewapoozesha watu ambao wangetembea. Tafuteni gari na kitu cha kumlaza kilicho sawa, hata mlango. Namba za dharura ni 999 na 112. Na kituo cha afya kilicho karibu na kila sehemu ya njia kiandikwe kwenye karatasi mbili kabla ya safari: moja kwa kiongozi, moja kwa wa mwisho.

Kuhusu pesa, neno moja. Kama pikipiki ni ya mwanachama lakini safari ni ya kikundi, mkubaliane mbele ya mweka hazina nani atalipa petroli, na ikivunjika taa au klachi atalipa nani. Liandikwe kwenye kitabu cha mikutano. Urafiki mwingi umeharibika kwa sababu ya kioo cha pembeni.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika safari yenu ya mwisho, nani alikuwa nyuma kabisa? Mwacheni aeleze yeye mwenyewe ilikuwaje, na wengine wasimkatize.

2. Chora mchangani au kwenye karatasi njia mnayotaka kupita. Wekeni alama kwenye kila njia panda, kila mto, kila mahali pasipo na network, na kila kituo cha afya.

3. Nani kati yenu anaweza kuambiwa “leo hatuvuki, turudi” akakubali bila kukasirika? Je, huyo ndiye mliyemchagua kuwa kiongozi wa mbele?

4. Wekeni mawe sita chini kama pikipiki sita. Ondoeni la nne. Kila mmoja aseme angefanya nini akiwa kwenye nafasi yake, na rudieni mpaka mwanachama mpya kuliko wote aweze kulieleza zoezi lote peke yake.